Ufafanuzi: Soketi ya pembe 12 haishindi ya pembe 6 kwa bolti iliyoganda

Katika makundi ya WhatsApp ya wenye magari jijini Nairobi husambazwa ujumbe unaodai kwamba soketi (kichwa cha spana chenye umbo la kikombe, kinachovikwa bolti) yenye pembe 12 kwa ndani hushika bolti iliyoganda kwa kutu kuliko ya pembe 6, kwa kuwa ina pembe nyingi. Sivyo. Kwenye bolti ya kawaida ya pande 6, soketi ya pembe 12 hugusa karibu na kona tu, na nguvu ikizidi kona hulika hadi kichwa kikawa mviringo. Ya pembe 6 husukuma ubavu wenyewe, na ndiyo ya kuulizia kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga. Ingiza nati mdomoni mwa kila soketi, utayaona mapengo kwenye ile ya pembe 12. Watu huchanganyikiwa kwa sababu soketi ya pembe 12 huingia kwenye bolti kila ikizungushwa nyuzi 30 badala ya 60, jambo linalosaidia kweli mahali pafinyu. Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze.