Kitenge hakikuzaliwa Afrika

Harusini hapa Mtwara utasikia: "Vaa kitenge, vazi la mababu." Mababu wapi? Chanzo chake ni Java, Indonesia, ambako mafundi walichora kitambaa kwa nta ya moto kabla ya kukitia rangi, ili palipopakwa pasishike rangi. Karne ya 19 Waholanzi wakaiga kwa mashine, wakitumia utomvu. Utomvu ukapasuka, rangi ikapenya, vikabaki vijistari kama nyufa. Kwa fundi wa Java hiyo ni kasoro. Wanunuzi wa Afrika Magharibi wakaipenda! Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, inavichapa hadi leo. (Vingi vya sokoni kwetu ni chapa tupu, nta hakuna.) Na merikani, kile kitambaa cha pamba cha bibi zetu wa Newala? Jina lenyewe linakuambia ilikotoka.