Mwanachuo na Watoto Wanane: Ulezi wa Kambi Lamu

Kila likizo ya Desemba mimi huwaandaa wanachuo wanaokuja kulea watoto katika kambi yetu karibu na Shela, kisiwani Lamu. Wengi hufika wakiwa wameshawahi kushika vyeo vyuoni na wanajua kuendesha mkutano. Wasichokizoea ni kukaa na watoto wanane usiku na mchana kwa wiki nzima, akiwamo mmoja anayelia kwa kumkumbuka mamake na mwingine anayekataa kula.

Mpango wa makundi madogo si mgeni. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliutumia kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, alipowagawa wavulana wapatao 20 katika makundi manne, kila moja na kiongozi wake. Nauamini kwa sababu aliyepewa watu mia hutosheka kuamrisha, ilhali aliyepewa wanane hana budi kuwajua.

Mwaka mmoja, kijana wa chuo alikabidhiwa safari ya Takwa, kwenye kisiwa jirani cha Manda, kwenye magofu ya mji uliohamwa katika karne ya 17. Mkondo wa kufikia huko hupita katikati ya mikoko, na mashua haipiti ila maji yakijaa. Nahodha alimwonya mapema, lakini kijana aliwaachia watoto wacheze ufukweni upande wa pili mpaka maji yakaanza kupwa, na wakati wa kurudi tukakwama topeni. Nilikuwamo chomboni, nikanyamaza, kwa kuwa nilikwisha kuhakikisha kwamba maji ya kunywa na turubai la kivuli vilitosha. Lau pangekuwa na mgonjwa au bahari imechafuka, ningeshika usukani papo hapo. Njaa na aibu nilimwachia mwenyewe.

Kwanza alianza kumlaumu nahodha. Kisha akawatazama watoto, akakatiza maneno yake, akasema: “Kosa ni langu. Nahodha, uniwie radhi.” Akagawa maji akianza na mdogo kuliko wote, yeye akanywa mwisho, nasi tukakaa hapo mpaka maji yaliporudi.

Usiku ule sikumuuliza alijisikiaje, maana swali hilo huzaa hotuba. Nilimuuliza alifanya nini, wakati gani, na ni nani aliyeumia kwa kosa lake. Alijibu polepole, akimtaja kila mtoto kwa jina.

Safari iliyofuata, kabla ya jua kuchomoza, nilimkuta ufukweni na nahodha, akimuuliza maji yatajaa saa ngapi.