Nani Alitoa Ruhusa? Kuhusu Muziki wa Kupakua na Makufuli Yasiyofunga

Kila inapokaribia tarehe 26 Aprili, Siku ya Miliki Ubunifu Duniani, dawati la taasisi yetu ya hakimiliki hupokea barua nyingi kuliko kawaida, na sehemu kubwa ya barua hizo huuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: je, wimbo huu niliopakua ni halali? Mwandishi hutaja jina la wimbo, pengine na jina la tovuti, kisha hueleza kwamba hakulipa chochote na wala hakumuuzia mtu. Sina shaka kwamba anasema kweli, lakini maelezo hayo hayatusaidii kumjibu. Uhalali wa kupakua hautokani na bei wala na nia njema ya aliyepakua. Hutokana na kama yule aliyeliweka faili mahali pale alikuwa na ruhusa ya mwenye haki. Wimbo wa bure unaweza kuwa halali kabisa, na wimbo uliolipiwa ukawa wa wizi, kwa kuwa wapo wanaouza wasichokimiliki.

Nimesema mwenye haki, ingawa katika muziki mara nyingi ni wenye haki. Utunzi una haki zake na rekodi ina haki zake, na hizo mbili zinaweza kuwa mikononi mwa watu wasiofahamiana. Utunzi wa Beethoven, aliyefariki mwaka 1827, ni mali ya umma, na yeyote anaweza kuupiga. Lakini rekodi ya okestra iliyoupiga mwaka jana inalindwa, na kuisambaza bila idhini ni kosa hata kama mtunzi amekwisha kulala kaburini karibu karne mbili. Ukielewa hili, nusu ya maswali tunayoulizwa hujijibu yenyewe.

Nusu nyingine hutokana na imani ambazo, kwa kweli, zimetuchosha kuzisahihisha. Wapo wanaodhani kwamba wimbo usio na alama ya hakimiliki hauna mwenyewe, ilhali Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa mwaka 1886, na marekebisho yake hauruhusu nchi wanachama kuweka usajili au alama kuwa sharti la kazi ya kigeni kulindwa. Wapo wanaoamini kuwa kipande kisichozidi sekunde 30 kinaweza kutumiwa na yeyote kwa lolote. Kanuni hiyo haimo katika mkataba wowote wa kimataifa wa hakimiliki, na tungependa kujua ilianzia wapi. Wapo pia wanaoandika chini ya video kwamba hawamiliki wimbo huo na kwamba sifa zote zimwendee msanii, wakidhani wamejikinga. Sentensi hiyo haiwakingi. Kinyume chake, ni maandishi yao wenyewe kwamba walijua kuwa wimbo si wao.

Hoja ya nakala binafsi inastahili heshima zaidi, kwa sababu ina msingi. Nchi nyingi humruhusu mtu kujitengenezea nakala kwa matumizi yake ya nyumbani, na baadhi yake huwafidia wasanii kwa tozo inayokatwa katika vifaa vya kuhifadhia sauti. Hata hivyo ruhusa hiyo humchukulia mtu kuwa ameanza na chanzo halali. Mwezi Aprili 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba nchi wanachama haziwezi kuuchukulia msamaha wa nakala binafsi kuwa unafunika nakala zilizotolewa katika vyanzo haramu. Anayetumia mitandao ya kugawana mafaili kati ya kompyuta na kompyuta anapaswa kuongeza jambo jingine katika hesabu yake: programu hizo kwa kawaida hupakia huku zikipakua, kwa hiyo mtu anayeapa kwamba alichukua tu wala hakusambaza huwa amesambaza vipande vya faili lile kwa watu asiowajua muda wote programu ilipokuwa wazi.

Vyanzo halali havihitaji maelezo marefu. Ni maduka ya mtandaoni yenye mikataba na wenye haki, huduma za kusikiliza zinazoruhusu kupakua ndani ya programu yake, kurasa za wasanii na kampuni zao, na hazina za kazi zilizotolewa kwa leseni huria, yaani ruhusa ambayo mwenye haki huitoa mapema kwa kila mtu kwa masharti, kama zile za Creative Commons, zilizoanza kutumika mwaka 2002. Kuhusu hizi za mwisho ninaomba leseni isomwe hadi mwisho, kwa kuwa leseni inayokataza matumizi ya kibiashara haimruhusu mtu kuweka wimbo huo katika tangazo la biashara, na leseni inayokataza mabadiliko haimruhusu kuukatakata na kuutungia upya.

Jambo linaloleta manung'uniko ya haki zaidi ni kile ambacho mnunuzi hukipata. Anayenunua santuri au CD huwa na kitu anachoweza kukiuza au kumrithisha mtoto wake, lakini anayelipia faili mara nyingi hupewa leseni, yaani ruhusa yenye masharti, hata kama kitufe alichobofya kiliandikwa «Nunua». Mahakama ya New York ililipima suala hili katika shauri la kampuni ya ReDigi, iliyotaka kuendesha soko la mafaili ya muziki yaliyokwisha tumika, na mwaka 2013 ikaona kwamba kuhamisha faili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ni kutengeneza nakala mpya, jambo lisilofunikwa na haki ya kuuza tena kitu ulichonunua. Mahakama ya rufaa ilikubaliana na uamuzi huo mwaka 2018. Vilevile wimbo uliopakuliwa ndani ya programu ya kusikiliza si wako wa kudumu: Spotify, kwa mfano, hutaka kifaa kiunganishwe na mtandao angalau mara moja katika kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizohifadhi hazitapigwa tena.

Hapo ndipo tunapofika kwenye makufuli ya kidijitali, ambayo wasanii wengi wanaotuandikia huyadai kana kwamba sisi tunayo sandukuni na tunawanyima. Msanii huuliza kwa nini haiwekwi teknolojia itakayozuia wimbo wake kunakiliwa. Jibu la kweli ni kwamba wenye fedha nyingi kuliko yeye wamejaribu kwa miaka mingi na hawakufanikiwa.

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 haikuwa na kufuli lolote, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba kompyuta za nyumbani zingeweza kuisoma. Wimbo wa dakika nne katika CD huchukua takribani megabaiti 42, mzigo ambao intaneti ya miaka ya 1990 ilishindwa kuubeba. Mfumo wa MP3 uliupunguza hadi kama megabaiti nne kwa ubora ambao wasikilizaji wengi waliuridhia. Napster, huduma ya kugawana nyimbo mtandaoni, ilipoanza mwaka 1999, kila CD iliyokwisha uzwa duniani ilikuwa chanzo kisicho na mlango. Mahakama za Marekani ziliilazimisha kusimama mwaka 2001, lakini mafaili yalikuwa yamekwisha tawanyika, nayo hayarudishwi kwa amri ya hakimu.

Tasnia ilijibu kwa makufuli. Mwaka 2000 muungano wa kampuni za muziki na vifaa uliojulikana kama SDMI uliwaalika wataalamu kwa hadharani wajaribu kuondoa alama fiche zilizotiwa ndani ya sauti, na kundi la watafiti lililoongozwa na Edward Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton likaripoti kwamba limezishinda. Walipotaka kuchapisha matokeo yao waliandikiwa barua ya kuwatisha. Mwaka 2002 iligundulika kwamba baadhi ya CD zenye kinga ya kunakiliwa zilifunguka kwa kupaka wino wa kalamu nene kwenye ukingo wake wa nje. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG ilipatikana imetia katika CD zake programu iliyojificha ndani ya kompyuta za wateja na kuziacha wazi kwa virusi, ikalazimika kuziondoa CD hizo sokoni na kukabili mashitaka. Walioumizwa na programu ile, tafadhali tuzingatie, ni wale waliokwenda dukani wakalipa.

Sababu ya kushindwa huku haiko katika uzembe wa mafundi. Kufuli la nyumba humzuia mwizi na kumpitisha mwenye nyumba, kwa sababu ni watu wawili tofauti. Katika muziki anayepaswa kufunguliwa na anayepaswa kuzuiwa ni mtu yule yule: faili huvurugwa kwa hesabu maalumu ili lisisomeke bila ufunguo, kisha ufunguo huo hupelekwa ndani ya kifaa cha msikilizaji, kwa kuwa asipoupata hatasikia kitu. Mwenye subira na ujuzi ataupata ulipofichwa. Asiye na ujuzi naye anacho kinasa sauti, na wimbo unaosikika ni wimbo unaorekodika. Inatosha mtu mmoja duniani avunje kufuli mara moja. Wengine wote hupokea faili lililo wazi na hawana haja ya kuvunja chochote.

Makufuli hayo yalikuwa na gharama nyingine ambayo sisi wa taasisi tulichelewa kuikiri. Mwaka 2008 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba seva zilizotoa funguo za nyimbo zilizouzwa na duka lake la mtandaoni la MSN Music zingezimwa, na wateja walioheshimu sheria wakatambua kwamba siku watakapobadilisha kompyuta nyimbo walizolipia zingekuwa bubu. Baada ya malalamiko muda uliongezwa. Duka la iTunes la kampuni ya Apple, lililofunguliwa mwezi Aprili 2003 kwa bei ya senti 99 za dola kwa wimbo, nalo lilikuwa na kufuli, ila liliruhusu nyimbo kurekodiwa kwenye CD ya kawaida, na CD hiyo ikirudishwa kompyutani kufuli lilikuwa limekwisha. Januari 2009 Apple ilitangaza kwamba inaliondoa katika nyimbo zote za duka hilo, na biashara haikufa. Faili liliendelea kubeba anwani ya akaunti ya mnunuzi, jambo ambalo wanaowarushia marafiki nyimbo walizonunua wangefanya vyema kulikumbuka.

Pamoja na udhaifu wote huo, kulivunja kufuli si jambo la kuchezea. Mikataba miwili ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika mwaka 2002, inazitaka nchi wanachama kuweka sheria dhidi ya kukwepa kinga za kiteknolojia. Katika nchi nyingi, kwa hiyo, kuvunja kufuli ni kosa linalojitegemea, na mtu anaweza kutiwa hatiani ingawa wimbo wenyewe aliununua.

Kuhusu adhabu, viwango hutofautiana kati ya nchi na nchi, na makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili. Kwa ujumla Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki ubunifu, unazitaka nchi kuweka adhabu za jinai, ikiwemo kifungo au faini, kwa uharamia wa makusudi wa kiwango cha kibiashara, na nchi zinaweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Nchini Marekani mwenye haki anaweza kuchagua fidia iliyowekwa na sheria badala ya kuthibitisha hasara yake, nayo ni kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 ikithibitika kuwa kosa lilikuwa la makusudi. Mwanamke mmoja wa jimbo la Minnesota, aliyeshitakiwa kwa nyimbo 24 alizogawana mtandaoni bila kuuza hata mmoja, alitakiwa na baraza la kwanza la wazee wa mahakama kulipa dola 222,000 mwaka 2007, na la pili dola 1,920,000 mwaka 2009, na la tatu dola 1,500,000 mwaka 2010, kabla ya mahakama ya rufaa kuirudisha ile ya kwanza mwaka 2012. Kiasi hicho ni dola 9,250 kwa wimbo ambao dukani uliuzwa kwa senti 99.

Kwa msanii ambaye kazi yake imewekwa mtandaoni bila idhini, njia ya kwanza leo ni taarifa ya kuondolewa, yaani maandishi ya kumtaka mwenye mtandao aiondoe kazi hiyo. Mitandao mikubwa ina mifumo ya kutambua sauti, kama Content ID ya YouTube iliyoanza mwaka 2007, ambayo hulinganisha kila kinachopakiwa na hazina ya rekodi zilizosajiliwa. Mifumo hiyo hukosea: mwaka 2018 ilifahamika kwamba video ya saa 10 yenye mvumo mtupu wa redio isiyo na stesheni ilikuwa imedaiwa mara tano na watu waliosema ni kazi yao. Taarifa yenyewe, kwa upande wake, huhitaji maandishi kisheria. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998, ambayo mitandao mingi huifuata, taarifa inapaswa kuitaja kazi iliyokiukwa, kuonyesha anwani kamili ya kila ukurasa ilipo, kutoa mawasiliano ya mlalamikaji, kueleza kwamba anaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayana idhini, kuthibitisha kwamba maelezo ni sahihi na kwamba, kwa adhabu ya kusema uongo chini ya kiapo, ana mamlaka ya kumsemea mwenye haki, kisha kutiwa sahihi. Aliyeondolewa kazi yake anaweza kuwasilisha pingamizi, na hapo mtandao huirudisha baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa kama mlalamikaji amefungua kesi.

Barua inayosema tu kwamba wimbo wangu umejaa kila mahali, ufuteni, hurudi kwa aliyeituma. Hatuna mamlaka ya kufuta kitu katika seva ya mtu mwingine, na mwenye seva hatafuta kitu asichoonyeshwa kilipo. Atakayetuandikia tena aambatanishe anwani za kurasa moja baada ya nyingine, tarehe aliyoziona, na nakala ya mkataba wake na mtayarishaji wa rekodi, kwa sababu mara kadhaa tumeusoma mkataba huo na kukuta kwamba haki anazozilalamikia msanii alikwisha ziuza zote kwa sahihi yake.