Je, wajua? Aliyeipa "seki" jina lake hana hata seki moja katika hesabu rasmi

Katika futiboli ya Kimarekani, hakuna tendo la ulinzi linaloinua watazamaji vitini kama seki, yaani pale mlinzi anapomshinda mpinzani aliyewekwa kumzuia, akamfikia kotabeki, mgawaji mipira wa timu ya upande wa pili, na kumwangusha chini kabla hajaurusha mpira. Anayetajwa kuwa ndiye aliyelipa tendo hilo jina lake ni David Jones, maarufu kama Deacon Jones, aliyecheza kwenye ncha ya kushoto ya mstari wa ulinzi wa Los Angeles Rams kuanzia mwaka 1961. Hata hivyo, ukizitafuta seki zake katika takwimu rasmi za ligi kuu ya NFL, hutaikuta hata moja. Ilikuwaje?

Jibu fupi ni la kalenda: ligi ilianza kumwandikia kila mchezaji seki zake mwaka 1982, na Jones alistaafu baada ya msimu wa 1974. Lakini jibu hilo linazaa swali lingine, kwa sababu mchezo huu ulikuwa umechezwa kwa miongo mingi kabla ya 1982, na makotabeki walikuwa wakiangushwa siku zote. Kwa nini basi hakuna aliyeona haja ya kuhesabu?

Ili kulielewa hilo ni lazima kuitazama kazi yenyewe. Kila timu huingiza uwanjani watu 11, na wale wa mstari wa mbele wa ulinzi, kwa kawaida wanne enzi za Jones, huinama uso kwa uso na wazuiaji wa upande wa pili, wakiwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Mpira unapoanza kuchezwa wana sekunde chache tu za kupenya. Wanaweza kumaliza mechi nzima bila kuugusa mpira, ilhali wanahesabu walikuwa wakiufuata mpira: nani ameubeba, nani ameurusha, nani ameudaka, umesogea yadi ngapi. Kotabeki alipoangushwa, yadi alizorudishwa nyuma ziliandikwa kuwa hasara ya timu yake, na jina la mtu aliyesababisha hasara hiyo halikuwa na safu ya kuandikiwa. Kwa lugha ya uhasibu, deni liliingizwa daftarini na mdai akaachwa nje.

Jones mwenyewe nusura aachwe nje ya mchezo wenyewe. Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1938 katika mji wa Eatonville, Florida, uliosajiliwa mwaka 1887 na kuwa miongoni mwa miji ya kwanza nchini Marekani kujitawala chini ya wakazi Weusi. Alijiunga na chuo cha South Carolina State, akanyang'anywa ufadhili wa masomo kwa sababu ya kushiriki maandamano ya kudai haki za raia, kisha akahamia chuo kidogo cha Weusi cha Mississippi Vocational. Husimuliwa kwamba wasaka vipaji wa Rams walikuwa wakitazama filamu ya mchezaji mwingine kabisa, mbeba mpira, walipoona kwamba jitu moja la mstari wa ulinzi linamkimbiza na kumfikia. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 1961 alichukuliwa raundi ya 14, akiwa wa 186, nafasi ambayo aghalabu hupewa watu wasiotarajiwa kudumu.

Alipofika Los Angeles aliamua kwamba jina David Jones halitakumbukwa na yeyote, kwa kuwa akina David Jones walijaa tele katika kitabu cha simu, hivyo akajiita Deacon, yaani Shemasi. Tabia hiyo ya kuvipa vitu majina ndiyo iliyozaa pia neno seki. Katika Kiingereza neno hilo lina maana ya gunia, na pia lina maana ya kuuteka mji na kuuteketeza, na Jones alizifurahia maana zote mbili: mara alisimulia jinsi ya kuwatia makotabeki wote katika gunia moja na kulitandika, mara akazungumzia mji uliovamiwa. Kwa maoni yangu, mtu asiyehesabiwa alikuwa na sababu nzuri ya kulitafutia tendo lake jina, kwani kisicho na jina ni vigumu kukihesabu.

Silaha yake iliyoogopwa zaidi ilikuwa kofi la kichwani. Mara tu mchezo ulipoanza alilipiga helmeti la mzuiaji kwa kiganja, karibu na sikio, na katika kile kitambo kifupi ambacho mwenzake alifumba macho, Jones, mwenye urefu wa takriban sentimita 196 na uzito wa zaidi ya kilo 120, alikuwa amekwisha kumpita. Ligi ililipiga marufuku kofi hilo mwaka 1977. Pamoja na Merlin Olsen, Rosey Grier na Lamar Lundy aliunda safu ya wanne iliyotisha makotabeki kote nchini. Aliteuliwa mara nane kucheza mechi ya nyota wa ligi, na mwaka 1980 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mjini Canton, Ohio, miaka miwili kabla ya seki kuwa takwimu rasmi. Waliompigia kura walitegemea macho yao.

Namba zilikuja baadaye sana. Watafiti, akiwemo John Turney, walitumia miaka mingi wakipekua filamu za zamani na karatasi za maelezo ya mechi, na mwaka 2021 tovuti ya Pro Football Reference ikachapisha hesabu zinazorudi hadi 1960. Humo Jones ana seki 173.5, ile nusu ni ya seki waliyogawana watu wawili. Wanaomzidi ni Bruce Smith, mwenye 200, na Reggie White, mwenye 198, ambao wote walicheza baada ya 1982. Katika msimu wa 1964, na tena 1968, anahesabiwa seki 22 kwa mechi 14, ilhali Michael Strahan alipoweka rekodi rasmi ya 22.5 mwaka 2001 msimu ulikuwa na mechi 16. Ligi haijazipokea hesabu hizo kuwa rasmi, ingawa tangu 2013, mwaka aliofariki Jones, tuzo ya mchezaji mwenye seki nyingi zaidi kila msimu hubeba jina lake.

Katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida wa 1974, akiichezea timu ya Washington dhidi ya Chicago Bears, Jones aliruhusiwa kupiga teke la alama ya ziada, jambo ambalo watu wa mstari wa ulinzi hawalifanyi, na mpira ukapita katikati ya milingoti. Alama hiyo moja iliandikwa papo hapo, kwa jina lake.