Kifaranga wa siku moja hajakosa kalsiamu

Kila ninapotumiwa picha ya kifaranga aliyetanua miguu, nakuta kuna mtu ameshanitangulia kutoa ushauri: "Huyo amekosa kalsiamu, msagie maganda ya mayai." Mwingine anataka apewe DCP, ule unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi. Mwingine anasema achanganyiwe chakula cha kuku wanaotaga, apate nguvu ya mifupa. Kifaranga mwenyewe ametoka kwenye yai jana usiku na hajadonoa hata punje moja. Sasa huo upungufu wa chakula ambacho hajaanza kukila ameupata wapi?

Katika siku 21 za ndani ya yai, hasa nusu ya pili, kifaranga hujenga mifupa kwa kalsiamu anayoivuta kutoka kwenye ganda. Karibu asilimia 80 ya kalsiamu aliyonayo siku ya kuanguliwa imetoka huko, na iliyobaki imetoka hasa kwenye kiini. Ndiyo maana ganda la yai lililoanguliwa huwa jepesi kuvunjika kuliko lilivyokuwa yai likitagwa. Halafu kabla ya kutoka huvuta mabaki ya kiini tumboni, akiba inayoweza kumfikisha siku mbili hadi tatu. Matege ya kweli, yale ya mifupa kuwa laini, huja baadaye, kwa kawaida wiki ya pili kwenda mbele. Hata hapo, mara nyingi kasoro iko kwenye vitamini D3 au fosforasi. Ukimminya mdomo, unabonyea. Wa siku moja hana dalili hiyo.

Ningenyamaza kama kalsiamu ya ziada ingekuwa haidhuru. Inadhuru. Chakula cha kuanzia kina kalsiamu ya takriban asilimia 1, cha kutagia kina asilimia 3.5 hadi 4. Figo za kifaranga hazihimili kiwango hicho zikilishwa nacho siku baada ya siku. Huharibika, taka za mkojo hubaki mwilini, na ukimpasua aliyekufa unakuta unga mweupe kwenye figo na hata juu ya moyo. Mwenye kifaranga atasema alikufa kwa sababu ya mguu. Na kuna jambo linaloniudhi kuliko hilo: kalsiamu nyingi tumboni huzuia madini ya manganizi kufyonzwa, na upungufu wa manganizi ni chanzo kimojawapo kinachojulikana sana cha kano ya kifundo kuteleza kutoka mahali pake. Yaani dawa ya mguu inazaa ugonjwa wa mguu.

Basi tuache maganda, tumtazame kifaranga. Kama ndiyo kwanza anakauka na anayumbayumba, mwache kwenye mashine ya kutotolea. Kuyumba saa za mwanzo si ugonjwa. Akishakauka manyoya na wenzake wanasimama huku yeye analala kifudifudi, mshike mgongo kiganjani, miguu ikiwa juu, uangalie tatizo liko wapi. Nyonga, kifundo, au vidole? Hayo ni matatizo matatu tofauti, na kumwita kila mmoja "kilema wa miguu" ndiko kunakotufikisha kwenye maganda.

Miguu iliyotanuka pembeni, kulia na kushoto, ndiyo ninayoiona zaidi, na chanzo chake mara nyingi ni sakafu. Trei laini ya plastiki, gazeti, boksi lisilotandikwa kitu. Anajaribu kusimama, miguu inateleza, nyonga zinazoea kukaa vibaya. Joto la mashine likipita kiasi, au unyevu ukienda mrama, hutoka dhaifu na kuteleza kirahisi zaidi. Kwa mashine yenye feni tunalenga nyuzi 37.5 hivi, na ninaomba uipime kwa kipimajoto cha pili, kwa sababu kile kilichokuja na mashine kinaweza kudanganya.

Matibabu yake ni pingu. Kata utepe mwembamba wa plasta au wa bendeji inayojishika, uzungushe kila mguu chini ya kifundo, na uache nafasi ya sentimita 2 hadi 2.5 katikati, miguu ikae chini ya mwili kama ya mwenzake mzima. Usibane. Mguu ukivimba, ukipoa au ukibadilika rangi, fungua mara moja. Fungua kila siku uangalie, kwa maana anakua wakati wewe umelala. Siku mbili hadi nne kwa kawaida zinatosha ukiwahi. Ukingoja wiki, mifupa na viungo vimeshakaza na utakuwa unajifurahisha tu. Mtandikie kitambaa kikavu cha mkwaruzo kisicho na nyuzi za kumnasa. Mtenge na kundi ili asikanyagwe, ila umpe mwenzake mmoja mpole. Maji yawe ya kina kifupi yenye kokoto ndani, kwani aliyefungwa pingu akianguka majini huzama.

Hapa niseme ninalolitilia shaka. Ninapofunga pingu nabadilisha pia sakafu, kila mara. Wale ambao hali yao ni nyepesi nimewaona wakinyooka kwa kubadilishiwa sakafu peke yake. Kwa hiyo pingu inapata sifa ambazo pengine nusu yake ni za kitambaa. Naendelea kufunga, kwa sababu sina moyo wa kumwacha mmoja bila pingu ili nipate jibu.

Vidole vilivyokunjika ni habari nyingine. Kata kadibodi ngumu kwa umbo la mguu, nyoosha vidole juu yake, bandika plasta juu, umvalishe kiatu hicho siku moja au mbili. Wakati huohuo mpe vitamini B, hasa B2, kwenye maji. Kuku mama aliyekosa B2 hutaga mayai yaliyokosa B2, na hapo kweli kifaranga anaweza kutoka na upungufu bila kula kitu. Kuna vidole vinavyokunjika kwa hilo na vinavyokunjika kwa mambo ya mashine, nami kwa kutazama tu siku ya kwanza siwezi kuvitofautisha. Vitabu vinaeleza kana kwamba vimeandikwa usoni. Natoa vyote viwili, kiatu na vitamini, kwa sababu B2 ikizidi hutoka kwa mkojo, na mishipa ya fahamu ikishaharibika muda mrefu hairudi.

Kisha kifundo, kile watu wanachokiita goti. Pitisha kidole nyuma yake taratibu. Kwa kawaida kano hukaa katikati, kwenye mfereji wake. Ukikuta nyuma ni bapa, kiungo kimevimba na mguu umesokoteka kwenda nje, kano imeruka kama kamba iliyotoka kwenye kapi. Unaweza kunyoosha mguu kwa upole na kuisukuma irudi. Mara nyingi itaruka tena. Manganizi na kolini, kirutubisho cha jamii ya vitamini B, huzuia wengine wasipatwe, lakini hazirudishi kano iliyokwisha kutoka, na anayekuahidi hivyo anakuuzia chupa. Pingu hapa haisaidii kitu. Miguu yote miwili ikiwa hivyo, namalizia mateso yake mapema.

Kifundo cha moto, na kitovu kibichi kinachonuka: hayo ni maambukizi, nenda kwa daktari wa mifugo.

Wakiwa wengi wa mtotoleo mmoja na kasoro ileile, acha kuwashika mmoja mmoja. Kagua joto la mashine, trei, na chakula walichokuwa wakila kuku wazazi kabla ya mayai kukusanywa. Akiwa mmoja kati ya wengi na amepona vizuri kutanuka miguu, simzuii kutaga wala kuzalisha. Aliyetoka na mfupa uliopinda tayari, hata akitembea, mayai yake nayala, siyatotoleshi.