Asilimia ya Kaboni na Kipenyo: Jinsi ya Kuchagua Mlingoti wa Ubao wa Tanga

Chukua mlingoti wowote wa ubao wa tanga, ule wa mchezo wa windsurfing, uangalie upande wa chini. Utakuta maandishi mafupi kama haya: 430, IMCS 21, RDM, C75. Mnunuzi mpya karibu kila mara hukimbilia hiyo ya mwisho. C75 ni asilimia 75 ya kaboni, naye ameshasikia kwamba kadiri kaboni inavyozidi ndivyo mlingoti unavyokuwa bora. Ombi langu kwake ni moja: hiyo aisome mwisho.

430 ni urefu kwa sentimita. Milingoti mingi huuzwa kwa hatua za sentimita 30: 340, 370, 400, 430, 460, 490. Kila tanga limechapishwa urefu wa mlingoti linaoutaka, na kipande kinachopungua hufidiwa na kiongezo kinachochomekwa chini. Hapo hakuna mjadala, unafuata tanga linavyosema.

IMCS 21 ni kipimo cha ugumu, na watu wengi hawajawahi kuelezwa kinapatikanaje. Mlingoti hulazwa na kuegemezwa ncha zote mbili, kisha uzito wa kilo 30 unaning'inizwa katikati. Mlingoti unabonyea. Urefu wake ukiugawa kwa kina cha kule kubonyea, jibu ndilo IMCS. Wa sentimita 460 ukibonyea sentimita 18.4, unapata 25. Namba ikiwa kubwa, mlingoti ni mgumu zaidi. Mirefu hutengenezwa migumu kwa sababu hubeba matanga makubwa: wa 400 kwa kawaida huwa 19, wa 430 huwa 21, wa 460 huwa 25.

Sasa angalia jambo ambalo huwapotosha watu. Mlingoti wa 430 wenye kaboni asilimia 30 na wa 430 wenye kaboni asilimia 100, yote miwili inaweza kuwa na IMCS 21. Ugumu ni uleule! Asilimia ya kaboni haikwambii mlingoti ni mgumu kiasi gani. Inakwambia ugumu huo umepatikana kwa uzito gani.

Nyuzi za kaboni ni ngumu kuliko nyuzi za kioo, zile za faibaglasi, takriban mara tatu, na juu ya hapo ni nyepesi. Kwa hiyo fundi akipunguza kaboni akaweka faibaglasi, inambidi arundike nyuzi nyingi zaidi ili afikie ugumu uleule. Mlingoti unazidi uzito. Kati ya wa bei ya chini na wa bei ya juu, kwa urefu mmoja, tofauti inaweza kufika nusu kilo au zaidi. Mkononi nusu kilo si kitu. Lakini uzito huo umetandazwa juu ya kichwa chako, mbali na mikono inayoushika, na wewe unauyumbisha mchana kutwa: unapogeuza ubao, unapoinua tanga lililolala majini, unapolivuta na kulisukuma tanga haraka haraka ili ubao upate mwendo. Jioni mabega yatakwambia.

Uzito, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu nyingine, ambayo mimi naithamini zaidi, ni jinsi mlingoti unavyorudi. Dharuba ikipiga, sehemu ya juu ya mlingoti hupinda kuelekea nyuma na upande wa chini ya upepo, ukingo wa nyuma wa tanga unafunguka, na upepo wa ziada unatoka kupitia juu badala ya kukurusha. Dharuba ikipita, mlingoti unajinyoosha na tanga linashika tena. Wenye kaboni nyingi hufanya hivyo papo hapo. Wenye kaboni kidogo huchelewa kidogo tu, lakini mikono inauhisi ule ucheleweshaji: tanga linakuwa zito, kama linaburuzwa. Baada ya kuzoea mmoja, ukipewa mwingine utautambua hata ukifumba macho.

Asilimia yenyewe isikufunge. Inahesabu nyuzi: kaboni ni ngapi na kilichobaki ni faibaglasi. Gundi inayozishika haimo, ndiyo maana hata mlingoti wa asilimia 100 si kaboni tupu. Tena kaboni ina madaraja, na namna ya kupanga nyuzi hutofautiana, kwa hiyo 75 ya mtengenezaji mmoja inaweza kukaribia sana 90 ya mwingine. Uzito ulioandikwa kwenye mlingoti ni shahidi mkweli kuliko asilimia.

Tuje kwenye kipenyo. SDM ni mlingoti mnene wa kawaida, na tundu lake la chini lina upana wa takriban milimita 48. RDM ni mwembamba, takriban milimita 32. Hapa ndipo kipenyo na kaboni vinapokutana, na ukilielewa hili mengine yote yanakuwa rahisi. Ugumu wa bomba hutegemea sana unene wake wa nje: kipenyo kikipungua, ugumu unashuka kwa kasi. Kwa hesabu ya haraka, bomba la milimita 32 lenye nyuzi zilezile linahitaji ukuta mnene zaidi ya mara tatu ili lilingane na la 48. Ukuta huo mnene una faida na hasara zake.

Faida ni uimara. Mlingoti wa RDM ukibamizwa chini na wimbi, au ukigongwa na mti wa kushikia, ule unaoushika kwa mikono ukiongoza tanga, unastahimili. SDM wa kaboni nyingi una ukuta mwembamba. Pigo dogo la kitu chenye ncha linaweza kuutia ufa usiouona, ukavunjika siku nyingine kabisa. Isitoshe, wembamba unashikika: ukiwa majini unajaribu kujiinua na tanga, vidole vinauzunguka mlingoti vizuri.

Hasara ni uzito, na ndiyo maana RDM inahitaji kaboni kuliko SDM. RDM ya asilimia 30 ni nzito na mvivu. Kama bajeti yako inaishia kwenye asilimia 30 au 40, na tanga lako linakubali vipenyo vyote viwili, SDM itakupa raha zaidi. Kama unacheza kwenye mawimbi, weka akiba ufike walau 70 na uchukue RDM.

Ukubwa wa tanga nao unaamua. Matanga madogo, chini ya mita 6 za mraba hivi, mengi yameshonwa kwa ajili ya RDM. Kuanzia mita 7 kwenda juu, hasa ya mashindano yenye kemba, yaani vile vipande vya plastiki vinavyokaza fito za tanga kwenye mlingoti, SDM ndiyo kawaida, kwa kuwa kemba zimechongwa kwa kipenyo hicho. Katikati ya hapo mara nyingi tanga linakubali vyote viwili. Usisahau kwamba kiongezo lazima kilingane na kipenyo; ukibadilisha mlingoti, huenda ukanunua na kiongezo kipya.

Kuna kitu kimoja ambacho maandishi ya chini mara nyingi hayakionyeshi, nacho kinaweza kuharibu yote: mahali mlingoti unapopinda. Miwili yenye IMCS sawa inaweza kupinda tofauti, mmoja ukawa laini juu, mwingine ukapinda sawia toka chini hadi juu. Mimi niliwahi kununua mlingoti mzuri wa kaboni nyingi nikautia kwenye tanga la mtengenezaji mwingine. Nikavuta kamba ya chini, ile inayokaza tanga kwenye mlingoti, nikavuta tena. Juu tanga lilikuwa limekazika kama ngoma, huku mikunjo imebaki pale karibu na mti wa kushikia. Mlingoti wangu wa zamani, wenye kaboni pungufu lakini wa mpindo sahihi, uliliweka tanga lilelile bila kasoro. Tangu hapo naanza na urefu, kisha mpindo, kisha kipenyo, na pesa inayobaki ndiyo inayonunua kaboni. Kwa anayejifunza, 30 hadi 50 inamtosha kabisa. Kwa anayecheza kila wiki, 70 na kuendelea inalipa. 100 ni ya mshindani, au mtu ambaye mwili wake unahitaji kila gramu ipungue.

Ukinunua uliotumika, pitisha kucha taratibu toka chini hadi juu kutafuta mikwaruzo inayokwama. Unganisha vipande viwili uone kama kiungo kinakaa bila kucheza, kisha uvitenganishe: mchanga ukiingia hapo vinaweza kung'ang'aniana kwa siku nzima. Na unapoubeba ukiwa umesimama wima, tazama juu kwanza kama kuna nyaya za umeme, maana kaboni inapitisha umeme.