Kabla ya kukata tiketi ya kusini, uliza maji yako wapi

Ukisimama upande wa Zambia wa Maporomoko ya Victoria katikati ya Novemba, sehemu kubwa ya kilicho mbele yako ni ukuta mweusi wa mwamba uliokauka. Ukirudi pale pale mwezi Aprili, unalowa chapachapa kabla hujafika ukingoni, na huenda usiyaone maporomoko yenyewe kwa wingi wa manyunyu yanayopanda kutoka korongoni. Watalii wawili waliolipa kiingilio kile kile wanarudi nyumbani na habari zisizofanana hata kidogo, na wote wawili wamesema kweli.

Wengi wanaokuja kuomba ushauri katika idara yetu ya utalii kuhusu likizo ya kusini mwa Afrika huja na orodha ya majina: Victoria, Chobe, Okavango, Kruger, Cape Town, jangwa la Namib. Tarehe za likizo wameshapewa na mwajiri, na wanachotaka kujua ni gharama. Gharama tutazifikia. Swali linalotangulia ni la maji: katika mwezi huo, maji yatakuwa wapi? Kusini mwa Afrika, jibu la swali hilo ndilo linaloamua utaona nini, utaweza kufanya nini, wanyama watakuwa upande gani na barabara zitapitika au la.

Tuanze na Zambezi, mto wa Maporomoko ya Victoria. Mvua za ukanda huo hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Machi, lakini mto haujai siku mvua inaponyesha. Maji yake hutoka mbali, kaskazini-magharibi mwa Zambia na Angola, na yakiwa njiani hutanda juu ya mbuga kubwa za Barotse, yakakaa huko kwa wiki nyingi kabla ya kuendelea na safari. Ndiyo maana mafuriko hufika kwenye maporomoko karibu na Aprili, wakati mvua zimeshakatika na mbingu ni nyeupe. Kuanzia hapo maji hupungua taratibu hadi Oktoba na Novemba, ambapo huwa machache kuliko wakati mwingine wowote. Maporomoko hayo yana upana wa mita 1,708 na kimo kinachofikia mita 108, na ili kuuona upana huo wote bila pazia la mvuke, mimi huwashauri watu waende Juni au Julai. Maji bado ni mengi, manyunyu yamepungua, na kwa familia za Tanzania shule zinakuwa zimefungwa katikati ya mwaka.

Aliyepata likizo ya Oktoba au Novemba asivunjike moyo. Kwanza, avuke aende upande wa Zimbabwe, kwa sababu mkondo mkuu wa mto huangukia huko na haukauki. Pili, kupungua kwa maji ndiko kunakofungua michezo ambayo Aprili haiwezekani. Chini ya maporomoko, Zambezi hupita katika makorongo membamba ya Batoka, na hapo ndipo watu hushuka mto kwa boti za mpira. Mto ukiwa umepungua, miamba hujitokeza na kila poromoko dogo huonekana lilipo. Mwongozaji anajua aingilie wapi na atokee wapi. Mto ukijaa, miamba hufunikwa na mahali pake huja vizingia vya maji visivyotabirika, hivyo kampuni hupunguza safari au huzifunga kabisa. Msimu mzuri kwa kawaida ni kati ya Agosti na Desemba. Hali ni hiyo hiyo kwa kidimbwi kilicho kwenye mdomo wa maporomoko karibu na Kisiwa cha Livingstone, ambako watu huogelea wakiwa na waongozaji: hufunguliwa maji yanaposhuka, takriban katikati ya Agosti, na hufungwa mto unapoanza kupanda tena.

Naomba msomaji asiuchukulie mto huo kirahisi. Ni maji yenye nguvu, ndani ya korongo ambalo kutoka kwake ni kupanda ngazi na njia za mwinuko mkali kwa miguu yako mwenyewe, jua likiwa utosini. Asiyeweza kupanda ghorofa kadhaa bila kupumzika aanze mazoezi miezi miwili kabla, au achague matembezi ya boti juu ya maporomoko, ambako mto umetulia na viboko na mamba huonekana kwa umbali wa usalama. Kampuni inayoaminika hukupa mafunzo kabla hujagusa maji, hukuvika kofia ngumu na jaketi la kuelea linalokubana vizuri, na huweka watu wa uokoaji kwenye mitumbwi midogo pembeni ya boti. Ukiona haraka ya kukusainisha fomu kuliko haraka ya kukukagua jaketi, ondoka.

Daraja linalounganisha Zambia na Zimbabwe hapo hapo, lililokamilika mwaka 1905, lina mchezo wa kuruka ukiwa umefungwa kamba ya mpira miguuni, kutoka kimo cha mita 111. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa macho na mwenye maumivu ya mgongo hawapaswi kuruka, hata kama aliye kwenye dirisha la malipo hakuwauliza.

Kutoka hapo hadi Kasane, Botswana, ni kilomita zipatazo 80, na hapo maji yanabadilisha habari. Hifadhi ya Chobe huwa na tembo mwaka mzima, lakini vidimbwi vya porini vikishakauka, kuanzia Julai hadi Oktoba, hushuka mtoni makundi kwa makundi kunywa na kuogelea. Botswana ndiyo nchi yenye tembo wengi kuliko zote Afrika, karibu 130,000, na kuwaona wakivuka mto jua likizama ukiwa ndani ya boti ni sababu ya kutosha ya kuongeza siku mbili kwenye safari ya Victoria. Ukiwa na muda mfupi na fedha za kuhesabu, mzunguko wa mji wa Livingstone upande wa Zambia, mji wa Victoria Falls upande wa Zimbabwe na Kasane unatosha kabisa, na ningeuchagua mbele ya safari ya nchi tano kwa siku kumi na nne ambayo nusu yake ni foleni za mipakani.

Mto Okavango ni ajabu nyingine. Mvua hunyesha katika nyanda za juu za Angola, kisha maji hutambaa juu ya ardhi iliyo karibu tambarare kwa miezi kadhaa, yakafika eneo la mji wa Maun kati ya Juni na Agosti, yaani katikati ya ukame wa Botswana. Mto huo hauendi baharini. Hutawanyika jangwani na kuishia hewani na mchangani. Kwa hiyo wakati nyasi za Botswana zimekauka, delta, yaani eneo hilo mto unapotawanyika, imejaa, na wanyama huifuata. UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2014, ikiwa ni eneo la 1,000 katika orodha hiyo. Kambi za ndani ya delta zinazofikiwa kwa ndege ndogo ni ghali mno, kwa sababu nchi iliamua kwa makusudi kupokea wageni wachache wanaolipa sana. Lakini iko njia ya watu wa kawaida: kulala Maun, kisha kuingia deltani kwa mtumbwi na mpiga upondo wa kijijini, na kulala kwenye hema usiku mmoja au miwili. Anayekupeleka amezaliwa pale, na fedha zako zinabaki kijijini kwake.

Sasa baridi, ambayo watu wa Dar, Mombasa na Muscat huipuuza. Juni hadi Agosti ni kipupwe cha kweli kusini. Mchana jua ni zuri, lakini alfajiri kwenye gari la wazi pale Chobe au Kruger utatafuta glovu, na katika jangwa la Namib usiku hukaribia sifuri. Beba jaketi nzito, kofia ya sufu na nguo za kuvaa moja juu ya nyingine.

Cape Town inakwenda kinyume na haya yote. Mvua zake hunyesha wakati wa kipupwe, na Mlima wa Meza, wenye kimo cha mita 1,086, unaweza kufunikwa na mawingu siku nyingi mfululizo. Gari la waya linalopandisha watu tangu mwaka 1929 husimamishwa upepo ukizidi, na kila mwaka hufungwa kwa muda kwa ajili ya matengenezo, kwa kawaida majira hayo hayo. Anayetaka fukwe na mlima aende kati ya Novemba na Machi, akijua kwamba Desemba Waafrika Kusini wenyewe wako likizo na bei hupanda. Anayekwenda Julai kwa ajili ya Kruger asitegemee Cape Town ya picha za kalenda, ingawa nyangumi huonekana kutoka ufukweni Hermanus kuanzia Juni.

Kruger yenyewe naipendekeza kwa moyo wote kwa familia. Ni hifadhi ya karibu kilomita za mraba 20,000 ambayo unaweza kuendesha gari dogo la kukodi mwenyewe, kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye changarawe, ukalala kwenye kambi za hifadhi na kujipikia. Uendeshaji ni wa kushoto, kama kwetu. Kambi nzuri hujaa mapema mno; fungua maombi miezi kumi kabla ikiwezekana. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: hifadhi za taifa za Afrika Kusini zina kiwango cha ada cha raia wa nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, kilicho chini ya kile cha wageni wengine. Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni wanachama. Kenya na Uganda si wanachama. Zimbabwe nayo ina viwango vya kikanda. Onyesha pasipoti getini na uombe kiwango chako, kwa sababu si kila wakala ataiingiza tofauti hiyo katika bei aliyokupa.

Kuhusu Namibia nitasema machache. Ni nchi ya masafa. Barabara nyingi ni za changarawe, ambazo hupasua tairi na hupindua magari ya wanaokimbia, na kituo cha mafuta kinachofuata kinaweza kuwa mbali sana. Tairi mbili za akiba, maji ya kutosha, na usiendeshe usiku.

Mipaka imekuwa rahisi. Daraja la Kazungula, lenye urefu wa mita 923, lilifunguliwa Mei 2021 na kuondoa pantoni iliyokuwa ikiwaweka watu kwenye foleni kati ya Zambia na Botswana. Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi katika nchi nilizozitaja, na Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza tangu Januari 2023, lakini masharti hubadilika, hivyo thibitisha ubalozini kabla ya kulipa chochote. Ndugu zetu wenye pasipoti za Ulaya au Marekani wana masharti tofauti. Waulize habari za viza ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe. Ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku kumi kabla. Hata Mtanzania anayesubiri ndege Nairobi kwa zaidi ya saa kumi na mbili inaweza kumhusu.

Njia ya nchi kavu ipo. Reli ya TAZARA inatoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ikipita Hifadhi ya Nyerere, ila uliza stesheni kama treni ya abiria inakwenda kabla ya kuipangia. Mabasi hupita Tunduma hadi Lusaka, na kutoka Lusaka hadi Livingstone ni kilomita zipatazo 480. Wa Lubumbashi wana njia fupi kupitia Kasumbalesa. Fedha: randi ya Afrika Kusini hupokelewa pia Namibia na Lesotho, na Zimbabwe dola za Marekani hutumika sana, ila chukua noti ndogo ndogo kwa sababu chenji ni shida.

Malaria ipo Livingstone, Victoria Falls, Kasane, Okavango na Kruger, hasa wakati wa mvua. Cape Town haipo. Tuliokulia kwenye malaria huidharau, lakini aliyeishi miaka mingi London au Muscat mwili wake umeshapoteza kinga, na anahitaji dawa za kinga kama mgeni mwingine yeyote. Amuone daktari wiki kadhaa kabla.

Mwisho ni bima, na hapa soma kila mstari. Bima nyingi za safari huondoa katika malipo ile michezo hasa inayokupeleka Zambezi: boti za mpira kwenye maji ya kasi, kuruka kwa kamba, kupanda miamba. Mwandikie wakala, itaje michezo yako kwa majina, na usubiri jibu la maandishi. Uliza pia kama inalipia ndege ya wagonjwa, kwa sababu aliyeumia vibaya Maun au Livingstone mara nyingi hupelekwa Johannesburg kwa matibabu, na asiye na bima hiyo hutakiwa kulipa kabla ndege haijapaa.